Louisville kwa siku tatu: panga kwa saa, si kwa orodha

Swali lililoletwa na msomaji wiki hii ni fupi. Ana siku tatu, anasafiri na mama mkwe na watoto wawili, wanakwenda Louisville, Kentucky. Wafanye nini? Orodha za mtandaoni zimempa majina kumi ya sehemu na kumwacha hapo. Majina si tatizo. Karibu kila kizuri cha mji huu kina wakati wake, na ukikosea wakati utalipa kiingilio kile kile uambulie nusu.

Jina kwanza, maana ukilitamka kama lilivyoandikwa watakuelewa kwa shida. Wenyeji humeza herufi nyingi, likatoka kitu kama "Luavol". Ni jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa. Kiswahili nacho utakisikia, madukani na shuleni, hasa kwa ndugu waliotoka mashariki mwa Kongo. Ukitamani sombe na ugali, uliza kusini mwa mji, usiulize hotelini.

Siku ya kwanza ifanye ya bondia Muhammad Ali na mto Ohio. Ali alizaliwa hapa tarehe 17 Januari 1942. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli yake nyekundu. Polisi aliyempokea malalamiko, Joe Martin, alikuwa pia akifundisha ngumi, na hapo ndipo safari ilipoanzia. Kituo cha Muhammad Ali kipo katikati ya mji, karibu na mto, tangu 2005. Hakifunguliwi kila siku ya wiki, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kupanga siku nyingine zote. Tenga saa mbili kamili. Wanaokimbia huishia kutazama picha za mapigano, ilhali sehemu nzito ni ile ya mtu aliyekataa kwenda vitani Vietnam akavuliwa ubingwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo la kuwasimulia watoto pale: mbali na pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alitua Dar es Salaam mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Simulizi hiyo watoto hawaisahau.

Kaburi lake liko Cave Hill, mashariki ya katikati ya mji, na huko kunataka gari. Nendeni mapema, kwa sababu malango hufungwa kabla ya jioni. Makaburi hayo ni makubwa, yana barabara zinazopinda kama za bustani, na bila ramani mtazunguka mpaka watoto wachoke. Humo humo amezikwa Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe anayeonekana kwenye mabango ya KFC.

Rudini mtoni kabla jua halijazama. Daraja la Big Four lilikuwa la treni tangu 1895. Leo ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu, na halina kiingilio. Anzia upande wa Louisville, kwenye bustani ya Waterfront. Njia ya kupandia imezungushwa mviringo ili mteremko uwe mdogo, kwa hiyo kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinapita bila taabu. Pamoja na njia za kupandia na kushukia, kuvuka ni kama kilomita moja na nusu, na mwisho wake umo jimbo jingine, Indiana, katika mji mdogo wa Jeffersonville. Daraja liko mashariki ya majengo marefu, hivyo jua huzama nyuma ya mji. Anayeondoka Louisville nusu saa kabla ya machweo anaiona rangi ya maji ikibadilika akiwa katikati ya mto, na anaporudi taa za daraja zimewaka. Mchana wa Julai pale juu hakuna kivuli. Chuma kinachemka, na wengi huishia robo ya njia wakarudi.

Siku ya pili asubuhi ni ya kiwanda cha marungu ya besiboli, Louisville Slugger, barabara ya Main. Utakitambua kwa rungu la chuma la mita 36 lililoegemezwa ukutani. Nenda siku ya kazi, mashine zikiwa zinazunguka. Mwisho wa wiki kazi hupungua. Tazama kipande cha mbao kinavyoingia kwenye mashine kikiwa mviringo mtupu, vumbi na maranda yakiruka, kisha kikatoka na kiuno chake na kishikio chake katika muda usiofika dakika. Halafu ngoja kwenye kupiga chapa. Chapa hiyo si pambo. Kwenye mti wa ash inachomwa upande ambao nyuzi za mbao zinaonekana bapa, na mchezaji hushika rungu chapa ikitazama juu ili mpira ugonge ubavu wa nyuzi, ambako mti huo ni imara. Mti wa maple tabia yake ni kinyume, kwa hiyo chapa yake husogezwa robo ya mzunguko. Mchezaji asiyejali chapa huvunja marungu. Kila mgeni hupewa kirungu kidogo anapotoka, na kuna jambo la kukumbuka juu yake, litafuata.

Mchana, chagueni kulingana na mwezi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba maji ya mto Ohio hushuka, na upande wa Indiana, Clarksville, hufunuka sakafu ya mawe ya bahari ya kale, umri wake miaka milioni 390 hivi. Ni matumbawe. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe atayafahamu kwa macho mara moja, ingawa aina zile zilikwishatoweka. Jiwe likikauka ni la kijivu tu. Mwagia maji kidogo ya chupa, na vitundu vya matumbawe vitajitokeza kimoja kimoja, kama sega la nyuki. Vaeni viatu vya soli ya mpira, maana mawe yana tope jembamba linaloteleza. Kuokota ni marufuku, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Ukija majira ya machipuko, sakafu yote iko chini ya maji na utaona mto wa kahawia basi. Miezi hiyo pandeni Belle of Louisville, meli ya mvuke iliyoundwa 1914 na ingali inasukumwa na gurudumu lake la nyuma. Fikeni nusu saa kabla ya kuondoka, msikie kinanda chake cha mvuke, na safari ikianza shukeni ghorofa ya chini nyuma, mtazame mitambo ikifanya kazi. Wengi hukaa juu na kukosa hilo.

Na farasi? Kentucky Derby, mbio zilizoanza 1875, hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, na wiki hiyo bei za hoteli hupanda kupita kiasi. Kama haja yako ni kuona farasi na si kuona kofia za watazamaji, njoo siku ya kawaida ya mbio pale Churchill Downs: mwisho wa Aprili hadi Juni, Septemba, au Novemba. Kiingilio ni kidogo na unasogea karibu na uzio. Kabla ya kila mbio, nenda kwanza mahali farasi wanapofungiwa matandiko. Hapo unawaona kwa karibu, mshipa wa shingo ukitutumka, jasho likitoka kabla hawajakimbia. Kamari si lazima. Anayekatazwa na dini yake hapungukiwi na kitu. Kama hakuna mbio, makumbusho ya Derby yako langoni na tiketi yake hujumuisha matembezi mafupi ndani ya uwanja.

Siku ya tatu ni ya Mammoth Cave, kama kilomita 145 kusini kwa barabara ya I-65. Ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa. Hapa ndipo watu huharibikiwa. Pango linafuata saa za Marekani ya kati, saa moja nyuma ya Louisville, na tiketi zinasoma saa ya pango. Ziara ya saa nne asubuhi ni saa tano ya Louisville. Mkitoka hotelini saa tatu mtafika mna nusu saa ya ziada. Kurudi ni kinyume. Ziara ya saa nane mchana ikichukua saa mbili, mtaingia Louisville saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo msiweke meli wala ndege jioni hiyo.

Nunueni tiketi mapema, maana wakati wa kiangazi tiketi huisha. Ziara ya Historic ina ngazi zaidi ya 500, na mama mkwe mwenye magoti mabovu asipelekwe huko. Frozen Niagara ni fupi na ina ngazi chache. Ndani ni nyuzi 12 hata Julai, kwa hiyo beba sweta. Msivae viatu vilivyoingia pango jingine, kwa sababu vinaweza kubeba kuvu inayoua popo. Na mwulizeni mwongozaji habari za Stephen Bishop, mtumwa aliyeanza kuongoza wageni humo mwaka 1838 na kuchora ramani ya pango ambayo watu waliitegemea kwa miaka mingi.

Mezani, "Hot Brown" ya hoteli ya Brown, iliyobuniwa 1926, ni mkate, nyama ya bata mzinga na mchuzi mzito wa jibini, lakini juu huwekwa nyama ya nguruwe. Sema mapema kama huli. Bei ya dukani iongezee kodi ya asilimia 6, na mhudumu wa mezani muachie asilimia 18 hadi 20.

Kile kirungu cha kiwandani kiwekeni kwenye begi la kukabidhi. Walinzi wa uwanja wa ndege, ambao nao una jina la Ali, hawakiruhusu mkononi, hata kikiwa cha mtoto.