Chambo cha nzi kioze kwanza

Umeweka dagaa kwenye chupa ya kutegea nzi, ikalala usiku mmoja na haijanasa kitu? Chambo kioze siku tatu au nne juani, usiku mmoja hautoshi. Nzi wa banda la kuku hawafuati dagaa, wanafuata uvundo: bakteria wakishavunja protini ndipo inatoka amonia na harufu zinazowaita. Mimi natia kiganja cha vichwa vya dagaa, maji nusu chupa, kifuniko nakilegeza. Mara moja nilikikaza, gesi ikajaa, nilipofungua nikaoga mchuzi wote. Ukitengeneza kingine, bakiza kidogo cha zamani kiwe chachu. Ila tundika mbali kidogo na banda, maana kinaita hata nzi wa jirani. Na maji yasikauke, la sivyo watataga humohumo ufuge funza.