Jibu: Udaktari wa familia haukutoi kwenye afya ya akili

Dogo, umeuliza kama ukisomea ubingwa wa udaktari wa familia, ule wa kutibu watu wa rika zote na shida za kila aina, utakuwa umeiacha afya ya akili unayoipenda. Hapana kabisa, utakutana nayo kila siku. Mi niko zahanati huku Moshi vijijini, juzi kaja mama kichwa kinamuuma, usiku halali, moyo unamwenda mbio, keshapimwa malaria na taifodi vituo vitatu na kote katoka na mfuko wa dawa, nikamuuliza tu "mama, nyumbani mnaendeleaje?" akashika ncha ya kanga akaanza kulia. Yule kwa daktari wa akili asingeenda hata umlipie nauli, kwangu alikuja mwenyewe.

Uingereza madaktari wa familia wanasomea ubingwa huo miaka 3, baada ya 2 ya mafunzo ya msingi kazini, na wengine wanapitishwa wodi ya akili. Kwetu Chuo Kikuu cha Aga Khan Dar wanaufundisha, ila kabla hujaomba waulize utakaa kliniki ya akili muda gani, hilo nakusisitizia sana.

Sa hivi anza na PHQ-9, dodoso la kupima sonona, maswali 9 ya kumuuliza mgonjwa kuhusu wiki 2 zilizopita, na lile la mwisho la mawazo ya kufa usiliruke hata foleni iwe ndefu vipi.