Kabla Hujabisha Hodi kwa Mheshimiwa

Ninyi mlioingia juzi kwenye kazi ya kutetea usawa, nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kuonana na mbunge nilibeba ripoti ya kurasa 60. Akaipindua, akaniuliza: "Sasa unataka nibadilishe kifungu kipi?" Nikabaki natoa macho. Dakika zetu 10 ziliishia kwenye kupiga picha.

Siku hizi naenda na karatasi moja. Juu namba ya kifungu, katikati maneno yalivyo kwenye muswada, chini maneno tunayotaka. Mbunge akikubali, anaichukua kama ilivyo. Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 1867 mbunge na mwanafalsafa John Stuart Mill alilitaka Bunge la Uingereza liondoe neno "mwanamume" kwenye muswada wa uchaguzi, liweke "mtu". Basi. Alishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73, lakini haki ya wanawake kupiga kura ilikuwa imejadiliwa ukumbini. Wala hakuzuka tu: mwaka uliotangulia aliwaambia wanawake waliomfuata kwamba wakipata saini 100 atawasilisha ombi lao. Wakaja na karibu 1,500.

Ila ukisubiri mjadala wa ukumbini, mara nyingi umeshachelewa. Muswada hupikwa kwenye kamati, na pale mtu wa kumjua ni karani. Ndiye anayejua wadau wataitwa lini na maoni ya maandishi yanafungwa siku gani. Wageni wengi humpita kama mlinzi wa mlango wakimkimbilia mwenyekiti.

Wasaidizi wa wabunge nao usiwadharau. Hotuba nyingi huandikwa na wao. Mmoja alinipigia saa nne usiku akitafuta takwimu moja. Nilimtumia pamoja na chanzo chake, na tangu hapo sijahangaika kuomba miadi ofisini kwao. Kama huna takwimu, sema huna. Ukibuni, mbunge akaumbuka mbele ya wenzake, mlango umejifungia wewe na shirika lako zima.

Kwa mbunge anayewapinga, usiende wewe na hoja zako. Mpeleke mpiga kura wake. Niliwahi kuongozana na mama mmoja aliyenyimwa urithi wa shamba la baba yake. Mheshimiwa alitupokea amesimama, mkono kwenye kitasa. Mama akataja kijiji chao, kisha jina la baba yake. Mheshimiwa akavuta kiti. Mimi nilinyamaza mpaka mwisho.