Kipakatalishi cha noti za sayansi: tazama kalamu kabla ya kutazama prosesa

Mdogo wangu wa Malindi, umesema kwamba umepata nafasi ya kusomea biokemia, kwamba umewekewa shilingi 45,000 za kununulia kipakatalishi cha kuandikia noti darasani, na kwamba mjomba wako anashikilia ununue mashine yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7 na kioo cha inchi 15.6 ili "ikufikishe mwaka wa nne." Mimi ni mtu wa Lamu, nimesomea kemia miaka minne, na mashine niliyoanza nayo ndiyo hiyo hasa anayoisifu mjomba wako. Nilinunuliwa mashine hiyo na ndugu waliochangishana, kwa hiyo sikuthubutu kulalamika kwa mwaka mzima.

Ilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu na ushei, na chaja yake ilikuwa kama tofali. Viti vya ukumbi wetu wa mihadhara vilikuwa na kile kibao kidogo cha kuandikia kinachokunjwa ubavuni, na mashine ilipokaa juu yake nusu yake ilining'inia hewani, nami nikawa naandika kwa mkono mmoja huku mwingine ukiizuia isianguke. Soketi za umeme zilikuwa mbili, zote ukutani nyuma, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuzikalia kabla ya saa moja asubuhi. Betri ilidumu saa mbili na kidogo, ilhali Jumanne tulikuwa na mihadhara kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana bila pumziko la maana.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni kwamba masomo ya sayansi hayaandikiki kwa kibodi. Nakumbuka mhadhara mmoja wa thamodinamiki, somo la joto na nishati, ambapo mhadhiri alianza na dU = TdS − PdV, kisha akatoa humo uhusiano unaosema kwamba badiliko la halijoto (T) kwa ujazo (V), entropia (S) ikishikiliwa palepale, ni sawa na hasi ya badiliko la shinikizo (P) kwa entropia, ujazo ukishikiliwa palepale. Ubaoni jambo hilo huandikwa kwa mabano mawili, na herufi ndogo chini ya kila bano kuonyesha kilichoshikiliwa. Mimi nilicharaza "dT/dV S = -dP/dS V" nikaendelea mbio, kwani mhadhiri hakuwa akimngoja mtu. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia mtihani, nilikodolea macho mstari huo nisijue S ile ya kwanza ni kitu kinachozidishwa au ni kitu kilichoshikiliwa, wala kwa nini imetokea tena upande wa pili ikiwa na kazi nyingine. Nilikwenda kugonga chumba cha jirani nikaazima daftari lake, nikanakili kwa kalamu ya wino kama watu wote.

Kemia ogani ilikuwa mbaya zaidi. Utakapoanza kusoma jinsi mmenyuko wa kemikali unavyokwenda hatua kwa hatua, utaona kwamba somo lenyewe limo ndani ya mshale uliopinda: mkia wake unaanzia kwenye jozi ya elektroni, na kichwa chake kinaelekea mahali jozi hiyo inapokwenda. Mshale ukianzia kwenye atomi ya jirani badala ya kwenye bondi, umeandika kemia nyingine kabisa. Hakuna namna ya kuucharaza mshale huo wakati mhadhiri anazungumza. Wapo wanaotumia LaTeX, programu ya kupanga hesabu kwa amri za kibodi, darasani, na kwa hesabu tupu mwenye vidole vyepesi anaweza kufaulu. Mimi naipenda sana kwa ripoti na tasnifu, lakini sijamwona mtu aliyechora nayo muundo wa glukosi kabla ubao haujafutwa.

Utasikia pia wakikuambia kwamba utafiti umethibitisha kuwa kuandika kwa mkono ni bora kuliko kucharaza. Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba wanaocharaza hunakili maneno ya mhadhiri kama yalivyo na hufanya vibaya katika maswali ya kuelewa dhana. Watafiti wengine waliporudia kazi hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, tofauti haikujitokeza wazi namna ile. Kwa hiyo mimi sikusukumi kwenye kalamu kwa sababu ya utafiti. Nakusukuma kwa sababu pete ya benzini, ule mchoro wa pembe sita, haina kitufe.

Mwaka wa pili niliiuza mashine kubwa nikanunua Mombasa ThinkPad X230 Tablet ya mtumba kwa shilingi 28,000. Ni mashine ya mwaka 2012, kioo chake cha inchi 12.5 kinazunguka juu ya bawaba moja kikalala kama ubao wa chuoni, na ina kalamu inayoingia ndani ya tundu lake. Prosesa yake ilikuwa dhaifu kuliko ya mashine niliyoiuza, na kuanzia siku hiyo noti zangu zilisomeka.

Sasa sikiliza vizuri habari ya kalamu, kwa maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kioo cha kugusa si kioo cha kuandikia. Mashine nyingi zina kioo kinachotambua kidole, na muuzaji atakupa kalamu yenye ncha ya mpira akuambie "inaandika." Kalamu hiyo ni kidole cha bandia tu, mstari wake ni mnene, na ukiegemeza kiganja juu ya kioo, kiganja nacho kinaandika. Kalamu ya kweli ni ya namna mbili. Namna ya kwanza haina betri: nyuma ya kioo kuna ubao mwembamba unaotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili inayochota nguvu humo na kurudisha ishara ya mahali ilipo. Hii ndiyo teknolojia ya kampuni ya Wacom, na ndiyo iliyokuwamo ndani ya X230 yangu. Namna ya pili ina betri yake yenyewe, ama ile nyembamba kuliko ya rimoti, ama ya kuchajiwa. Zote mbili zinafaa, ila ya kwanza haitakuzimikia katikati ya mhadhara.

Ukiwa dukani, usiridhike na kuandika jina lako. Fungua programu yoyote ya kuchora, chukua rula, na uchore mstari wa mshazari polepole sana kutoka pembe hadi pembe. Kwenye baadhi ya mashine mstari huo utatoka na mawimbi kama maji ya bandarini wakati wa kusi, na mwandiko wako mdogo wa herufi za chini ya mabano utaharibika vivyo hivyo. Kisha andika ukiwa umelaza kiganja chote juu ya kioo, halafu andika ukingoni kabisa, kwa sababu kalamu nyingi zisizo na betri hupotoka kidogo zikikaribia fremu. Muuzaji akikuharakisha, toka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuhusu hiyo i7 ya mjomba, mwambie kwa heshima kwamba i7 peke yake haisemi kitu. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i7-4600U ni ya kizazi cha nne, nayo hiyo i7 inazidiwa na i5 hiyo ya kizazi cha nane. Jambo hili lina uzito mkubwa sasa, kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kile kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa sababu hiyo sikushauri ununue mashine kama ile yangu, isipokuwa kama uko tayari kutumia Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ambako programu ya bure ya Xournal++ inatosha kabisa kwa noti za mkono. Ningekuwa wewe ningetafuta mtumba wa mwaka 2018 au baada yake, mfano ThinkPad X380 Yoga au HP EliteBook x360 1030 G3, zote za inchi 13.3 na zote zinazogeuzwa zikawa kama daftari. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, na uulize kabla ya kulipa kama imechomelewa kwenye ubao wa ndani, kwa maana ikiwa imechomelewa hutaiongeza baadaye.

Betri ya mtumba usiipime kwa asilimia inayoonekana pembeni mwa kioo. Katika dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, nayo mashine itakutolea ukurasa wenye hesabu mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo ilio nao leo ikijaa. Mashine ndogo ya kuandikia hula kama wati 8 mwangaza ukiwa wa wastani. Betri iliyozaliwa na wati-saa 50 na sasa imebakiwa na 30 itakupa saa tatu na dakika arobaini na tano, na kwa hesabu hiyo utajua kama Jumanne yako itapita au haitapita. Uchague pia mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C, kwani hapo power bank yenye nguvu ya wati 45 au zaidi itakuokoa siku stima ikipotea, na Malindi na Lamu hatuhitaji kufundishwa habari za stima kupotea.

Tena kuna mambo ya pwani ambayo watu wa bara hawatakuambia. Diski ya kuzunguka usiikubali hata ukipunguziwa bei, taka SSD, ile hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ile mashine yangu ya kwanza ilikuwa na diski ya kuzunguka, na siku moja nilikuwa naandikia ripoti ya maabara ndani ya basi, wakati ule barabara ya kutoka Garsen kuja Lamu haijatiwa lami. Karibu na Witu gari liliingia shimoni, nikasikia mlio mwembamba kama wa saa ya mkononi, tik, tik, tik, na ripoti, noti na picha zote zikaenda. Ndani ya diski ya namna hiyo kuna kichwa kinachoelea juu ya sahani inayozunguka bila kuigusa, na mshindo mmoja unatosha kukigusanisha nayo. Tangu siku hiyo kila Ijumaa jioni nageuza noti za wiki kuwa PDF na kuziweka mahali pawili, kwenye simu na kwenye flashi.

Chumvi nayo inakula. Nyumba yetu iko mbele, karibu na maji, na niliacha mashine juu ya meza ya dirishani likizo nzima ya kaskazi. Niliporudi kuishika, tundu moja la USB lilikuwa limeota kutu ya kijani. Iweke ndani ya mfuko wake uliofungwa zipu, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na ukija kwetu Lamu kwa boti kutoka gati la Mokowe, uitie kwanza katika nailoni, maana mrusho wa maji hauchagui abiria.

Ama kuhusu fedha, ikiwa 45,000 haifikii mashine ya kalamu iliyo nzima, usinunue mashine ya kalamu iliyo bovu. Nunua kipakatalishi cha kawaida cha inchi 13 au 14 chenye SSD na betri nzuri kwa ajili ya ripoti, majedwali na takwimu, kisha darasani uandike katika daftari kubwa lisilo na mistari na upige picha kila ukurasa jioni. Wenzangu waliofanya hivyo walifaulu bila shida. Kishikwambi chenye kalamu kinafaa kwa noti, na Galaxy Tab S6 Lite huja na kalamu isiyo na betri ndani ya boksi lake, lakini utakapoanza kuchakata data za maabara utatamani kompyuta kamili. Na kama unaweza kuvumilia, anza muhula kwa daftari na ununue wiki ya tatu, ukiwa umekwisha kuona kumbi zenyewe, viti vyake na soketi zake.

Kalamu ifunge kamba. Yangu ilinichomoka mwaka wa tatu pale gatini Mokowe, ikapita katikati ya mbao mbili na kuzama huku nikiitazama. Nilimaliza muhula kwa kalamu ya simu ya zamani ya Galaxy Note ya binamu yangu, ambayo kioo chake kilikuwa kimevunjika. Kwa kuwa ilikuwa ya teknolojia ileile ya sumaku, mashine iliitambua papo hapo, ingawa nukta ilikuwa ikikaa kando ya ncha kwa upana wa punje ya mchele, na noti zangu zote za muhula ule zimeinamia kushoto.