Ukipita Lugalo, shuka

Kwa miaka mingi nilipita Lugalo nikiwa usingizini. Basi la Mbeya likishamaliza kupanda Kitonga, abiria wanashusha pumzi, pale Ilula tunanunua nyanya kupitia dirishani, halafu najifunika kanga mpaka Iringa. Aliyeniamsha ni binti yangu wa mwisho, alipokuwa darasa la sita. Alikuwa akisoma habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, akaniuliza: "Mama, kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikarudishwa. Mwili je, uko wapi?"

Sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinikaa moyoni. Likizo ya Juni tulikwenda kulitafuta. Tangu hapo ndivyo ninavyochagua maeneo ya kale ya kutembelea nchini mwetu: nashika swali moja, nalifuata kutoka mahali hadi mahali, palipo na jina kubwa na pasipo na jina.

Tulianzia Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Wajerumani hapo na kukisambaratisha. Kiongozi wa kikosi, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, aliuawa siku hiyo hiyo. Ukisimama pale kando ya mnara, barabara kuu iko jirani kabisa, malori yanapita, na hakuna anayegeuza shingo. Kutoka hapo tulikwenda Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoibomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Ndani ya jumba dogo la makumbusho limo fuvu lenyewe, kwenye kisanduku cha kioo. Mwanangu alinyamaza muda mrefu mbele yake. Mwongozaji akatueleza kwamba kurudishwa kwa fuvu hilo kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilifika nyumbani mwaka 1954 tu, likiletwa na gavana wa Kiingereza, Edward Twining.

Jibu la swali letu lilikuwa Mlambalasi. Baada ya kupigana msituni karibu miaka minne, huko ndiko Mkwawa alikojitoa uhai Julai 1898 ili asikamatwe, na ndiko ulikozikwa mwili usio na kichwa. Siku ile tulikuwa wageni peke yetu. Kuna kaburi, miti, mwamba mkubwa na kimya. Nawaambieni kweli, nimefika maeneo yenye sifa duniani kote, ila sijawahi kuona mtoto akiielewa historia kama nilivyoona pale.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukipanga safari, usiyatenganishe maeneo maarufu na yale yasiyojulikana kana kwamba ni safari mbili. Mara nyingi ni hadithi moja, na kipande kinachokosekana katika lile maarufu kiko kilomita chache tu kutoka hapo. Watu wengi wanakwenda Bagamoyo kuona Boma na kanisa ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Unguja. Ni vizuri. Lakini wanarudi Dar bila kufika Kaole, mwendo wa kilomita kama 5 tu, ambako kuna msikiti na makaburi ya mji wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yale yana nguzo, na nguzo zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Ukiishia Bagamoyo mjini utadhani pwani yetu ilianza na misafara ya pembe na watumwa. Kaole inakuonyesha kwamba Waswahili walikuwa na miji yao na biashara yao ya ng'ambo karne nyingi kabla.

Kilwa Kisiwani sitaki kuieleza sana, kwa sababu inastahili sifa zake zote. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akakuta mji tajiri kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Msikiti Mkuu bado una matao na kuba zake, na Husuni Kubwa, jumba la sultani, inatazama bahari kutoka juu ya genge. Kibali unachukua Kilwa Masoko, halafu unavuka kwa mashua. Usiende kwa saa mbili. Ipe siku nzima, na ukiwa na siku ya pili nenda Songo Mnara, uone nyumba za kawaida za mji, maana Kilwa Kisiwani utaona zaidi misikiti na majumba ya watawala. Kisha siku ukiwa Tanga, shuka Tongoni, kwenye njia ya Pangani. Makaburi zaidi ya 40 yamekusanyika kando ya msikiti uliobomoka, na ukiwa umeshaona Kilwa utaisoma Tongoni mara moja: matumbawe yale yale, chokaa ile ile, mkono wa ustaarabu mmoja.

Majira ni jambo la kuzingatia kuliko wengi wanavyodhani. Pwani epuka masika, Machi hadi Mei. Kanda ya kati ina kalenda yake. Mimi nilikwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea. Kufika Kolo, kijiji cha kuanzia kwenda kwenye michoro, si kazi, kwa kuwa basi la Dodoma kwenda Arusha linakushusha barabarani. Kazi ni kutoka hapo hadi miambani. Pikipiki ilikwama kwenye tope, tukatembea, tukafika jua likizama, na michoro niliyoifuatia safari ile nikaiona nusu nusu. Nilirudi Agosti, nikaiona vizuri.

Siku hiyo ya Agosti nilimkuta kijana akimwagia mwamba maji ya chupa ili rangi zing'ae kwenye picha. Tafadhali, msifanye hivyo. Maji yanaondoa rangi, na kilichochorwa na watu wa kale hakuna wa kukichora tena. Tena baadhi ya mapango yale wenyeji bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuingia, kama unavyopiga hodi kwa watu.

Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Beba pesa taslimu, noti ndogo ndogo. Chukua mwongozaji wa pale pale kijijini, mlipe vizuri, na muulize wazee wake walisimulia nini, kwa kuwa bango halitakuambia hayo.

Sasa tunajiandaa kwenda Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, njia ya Ziwa Natron. Wakulima wa zamani walijenga huko matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia katika nchi kavu, wakaishi humo tangu karne ya 15, halafu karne ya 18 wakaondoka. Binti yangu sasa yuko kidato cha pili, na swali la safari hii tayari ameliandika kwenye daftari lake: walikwenda wapi?