Mbabe wa kijiwe akienda mashindano ya kanda: yaliyonikuta Mwanza

Mkuu mwenye uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Wewe ndiye unayeogopwa kwenye drafti hapo kijiweni kwenu, umesikia kuna mashindano ya kanda, kiingilio unacho, nauli utajibana, ila unahofia usije ukaenda kuumbuka mbele za watu usiowajua. Waliotangulia wamekujibu kwa mkato, huyu "nenda", yule "achana nayo". Mimi nimewahi kuwa wewe mtupu, kwa hiyo niacheni nitiririke.

Utaumbuka. Nenda.

Kwetu ni Sengerema. Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, jirani na mafundi baiskeli. Ubao ni kipande cha plaiwudi ambacho miraba yake ilishachorwa upya mara nyingi hadi mistari haifuatani. Kete ni visoda, huyu vyake vimelala chali, mwenzake kifudifudi. Anayefungwa anapisha benchi. Mimi nilikuwa sipishi. Kuna Jumamosi nilikaa hapo tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, watu wanapokezana upande wa pili kama wanaokwenda kunyolewa. Na mdomo nilikuwa nao. Kabla sijala kete yako nilikuwa nakuuliza kwanza kama nyumbani wanajua uko wapi.

Habari za mashindano alituletea dereva mmoja wa lori. Kiingilio shilingi 5,000, Jumapili, bwalo la shule moja pale Mwanza mjini. Kijiwe kizima kikanichangia nauli. Hapo ndipo presha ilipoanza, maana ukichangiwa huwezi kurudi na maelezo.

Nikawahi feri ya asubuhi pale Kamanga. Ndani ya feri nikamwona mzee amekaa juu ya gunia la udaga, kwapani amebana ubao uliokunjwa katikati kama kitabu, umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia, akanijibu "Mwangaluka," akaniuliza kama na mimi nakwenda huko huko. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Umeuangalia ubao kabla hujaniangalia mimi." Tukaufungua palepale juu ya gunia. Hadi feri inagusa ng'ambo alikuwa amenifunga mbili, na ya tatu nilikuwa pabaya. Nikajifariji kwamba feri ilikuwa inayumba.

Sasa nikueleze mambo ambayo kijiweni hayapo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuua kabla hata ya uwezo wa mpinzani.

Kwanza ukigusa kete umeicheza. Hakuna kuitikisa, hakuna "nilikuwa naisogeza ikae vizuri". Ukitaka kuirekebisha unatamka kwanza ndipo unagusa. Mimi nina tabia ya kuweka kidole juu ya kete huku nafikiri, na kwenye mchezo wa tatu kidole hicho kilinipotezea kete mbili kwa mpigo.

Halafu kula ni lazima. Kwetu ukisahau kula, mwenzako anaiondoa ile kete yako iliyotakiwa kula, mchezo unaendelea. Kule mwamuzi anakurudisha: weka ilipokuwa, kula. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini mitego yangu mingi ilitegemea mtu akubali hasara ya kete moja kuliko kuingia kwenye shimo. Kule shimoni anaingia kwa lazima, na wewe unaingia kwa lazima. Mchezo unakuwa mwingine kabisa. Kete ya kawaida hailagi nyuma, kama kwetu, na kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho upande wa mpinzani, inakimbia mstari mzima, ikila inatua mraba wowote mtupu ulio mbele. Ila uliza sheria zote kabla hamjaanza, maana kila mkoa una zake na watu wa Dar watakuapia kuwa za kwao ndizo zilizoshuka kutoka mbinguni.

La tatu ni saa. Saa mbili katika kiboksi kimoja, ukicheza unabonyeza, ya kwako inasimama ya mwenzako inaanza kukimbia. Tulipewa dakika 20 kila mmoja. Mchezo wa kwanza nilipangwa na kijana ambaye nadhani alikuwa bado anasoma. Nilimzidi kete moja, nikawa nafurahia mwenyewe moyoni, na nilikuwa nasahau kubonyeza. Yeye akawa anafikiria ndani ya muda wangu, kimya, mikono kwapani. Mwamuzi akaja akainua saa akanionyesha. Imeisha. Yule kijana akanipa mkono akasema, "Shikamoo kaka, pole." Ile shikamoo iliniuma kuliko kufungwa.

Kubwa kuliko yote ni ukimya. Watu 42 ndani ya bwalo na unasikia mapanga ya feni. Hapo ndipo nilipojigundua kuwa nusu ya drafti yangu ilikuwa mdomoni. Kijijini nilikuwa nashinda kwa kumkera mtu hadi acheze haraka. Kule nilifungua kinywa mara moja tu, mwamuzi akaweka kidole mdomoni kwake, basi.

Mchezo wa pili nauona hadi leo nikifumba macho. Mpinzani wangu alikuwa mzee fundi viatu wa Igoma, kucha zimeingia gundi, miwani amefunga uzi upande mmoja. Mimi niliona nimejipanga vizuri, kete zangu tatu ziko hatua kwa hatua kuelekea kwake. Akasogeza kete moja taratibu hadi mbele ya pua yangu. Nikaikagua. Hakuna kilichoilinda. Na kwa vyovyote ilikuwa lazima nile, nikala. Akaila kete iliyomla mwenzake, akatua, akaruka ya pili, akatua, akaruka ya tatu, na alipotua mara ya mwisho alikuwa kwenye mstari wangu wa nyumbani. Kingi. Ametoa moja, amechukua tatu, na kanipandishia kingi juu. Zile kete alizonila hakuzikusanya kwa kishindo kama tunavyofanya sisi. Alizipanga moja moja pembeni ya ubao, kama mtu anayehesabu misumari.

Mkuu, sikiliza kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Tulipomaliza nilitaka kuondoka nikanywe maji. Akanishika mkono, "Kaa kwanza, kijana." Akaurudisha mchezo nyuma kwa kichwa, hatua kumi na kitu, hadi pale nilipokosea. Haikuwa pale nilipokula. Ilikuwa hatua nne kabla, nilipotoa kete yangu moja ya mstari wa nyuma kwenda kutafuta sifa mbele. "Unaona hapa? Kila kete yako nyuma yake kuna mraba mtupu. Umeacha milango wazi nyumba nzima, halafu unashangaa mwizi kaingia chumbani." Akanifanya nijaribu njia nyingine tatu, na zote akanionyesha zinaishia wapi. Nilipomuuliza kwa nini ananipa siri zake wakati tunaweza kukutana tena, akacheka tu, akasema yeye naye alipewa.

Na si yeye peke yake. Kila mchezo ulipoisha, ungeona mshindi na aliyeshindwa wameinama juu ya ubao uleule, na wengine wawili watatu wamesimama nyuma yao wananong'ona. Kijiweni kwetu aliyefungwa huondoka na matusi yake. Kwa hiyo yule mchangiaji aliyesema hapo juu kwamba hawa ni watu wa kamari wasio na kazi, nadhani amechanganya na sehemu nyingine. Nilikaa na fundi viatu, mwalimu, wavuvi wa Ukerewe, waendesha bodaboda wa Buzuruga na mama muuza mitumba kutoka Magu. Huyo mama alinifunga mchezo wa saba bila kuinua uso, kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Pointi yangu ya kwanza niliipata mchezo wa nne, na ilistahili kuwa mbili za ushindi. Nilibaki na kingi tatu, jamaa ana kingi moja. Kijiweni hapo unamwambia asalimu amri. Lakini kingi yake ilikuwa imeukalia ule mstari mrefu wa kona kwa kona, anakwenda juu anarudi chini, juu, chini, na mimi namzunguka kama mbwa aliyeona nyoka. Mwamuzi akahesabu hatua 15, akatangaza droo. Nikalalamika. Yule mzee wa kwenye feri alikuwa karibu, akaniambia twende nje.

Nje akanipa somo ambalo nakupa bure. Mwenye kingi moja akiushika mstari mrefu mapema, kingi zako tatu hazitamfanya kitu, usipoteze usingizi. Ila kama hajaushika, ushike wewe. Kisha kingi zako tatu zipange kama mafiga, zikimzunguka, na utafika mahali unamlisha moja, analazimika kula, na popote atakapotua kuna anayemsubiri. Hatua 15 zinatosha kama unajua njia. Mbinu hiyo inaitwa pembetatu ya Petrov, Mrusi aliyeandika kitabu cha drafti mwaka 1827. Mzee hakulijua jina hilo, mimi mwenyewe nimelikuta baadaye nikisomasoma. Yeye alifundishwa na mvuvi.

Mchana kulikuwa na sato na ugali, foleni ndefu, na bado mbao zilikuwa juu ya meza za chakula. Mwalimu mmoja akatusimulia habari za Baba Sy wa Senegali, ambaye alicheza drafti ile ya kimataifa, ubao wa miraba 100 na kete 20 kila upande, akawatetemesha Wazungu na Warusi. Alifariki mwaka 1978, na mwaka 1986 ndipo shirikisho la dunia, FMJD, likamtambua kuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963. Mtu amekaa kaburini miaka minane ndipo anapewa taji lake! Mezani pakawa kimya kidogo, kisha mtu akauliza kama bado kuna ugali.

Kijana mwingine akadai drafti imekwisha, kompyuta imeshaimaliza. Hapo na mimi nikapata la kusema. Iliyomalizwa ni ile ya Kiingereza, ambayo kingi inatembea mraba mmoja mmoja. Kina Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza mwaka 2007, baada ya kazi ya miaka 18, kwamba wawili wakicheza bila kosa hata moja, mwisho wake ni droo. Bila kosa hata moja, mkuu. Mimi nafanya makosa manne kabla chai haijapoa.

Matokeo yangu sitayaficha: michezo saba, nimeshinda miwili, droo moja, vipigo vinne. Ushindi ni pointi mbili, droo moja, kwa hiyo pointi tano kati ya 14. Nafasi ya 31. Ule ushindi wa mchezo wa tano, mpinzani wangu alikuwa anaumwa jino, ila umeandikwa ushindi na mimi naudai ni ushindi.

Tulichelewa kumaliza na feri ya mwisho ikaniacha. Fundi viatu akasema twende kwake Igoma. Nilidhani ni adabu tu ya mdomoni, kumbe tayari ameshampigia mkewe simu. Tulifika giza limeingia, chakula kipo mezani kimefunikwa, na sisi tukaweka ubao pembeni ya hotpoti. Mama mwenye nyumba akavumilia kwa muda, kisha akamwambia mumewe, "Mgeni amekuja kula au kufungwa?" Tukala. Tukaendelea. Hadi saa nane usiku alikuwa amenifunga sijui ngapi, tukaacha kuhesabu, na kila mchezo ukiisha anaurudisha nyuma. Mara moja tu nilimfunga. Akauangalia ubao muda mrefu, akamwamsha mtoto wake aje aone.

Asubuhi alinipa kete 24 za mbao alizochonga mwenyewe kwenye mabaki ya visigino, nyingine bado zilikuwa na matundu ya misumari. Nilipofika kijiweni jamaa waliniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikawaambia. Walicheka hadi mafundi baiskeli wakaja kuuliza kuna nini, na kwa wiki mbili nikawa naitwa "Thelathini na Moja". Nikatulia, nikamwaga zile kete juu ya plaiwudi, nikamwita aliyecheka zaidi akae. Nilipomaliza nikamshika mkono, nikaurudisha mchezo nyuma nimwonyeshe alipoacha mlango. Alidhani namdhihaki, tukataka kupigana.

Kwa hiyo wewe nenda. Beba maji, beba daftari dogo, kidole kiweke mfukoni, na kumbuka kubonyeza saa. Usipange kurudi siku hiyohiyo. Na kama mashindano yenyewe ni ya Mwanza, niandikie humu, nipo feri ya kwanza. Ukiona mzee amekalia gunia la udaga na ubao kwapani, usikubali kucheza naye kabla hujafika.