Barua ya kazi ya rubani mpya: weka saa zako juu

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na leseni ya CPL (ya rubani wa kibiashara) mkononi, najua kinachowakosesha raha: saa za kuruka. Wengi mnahitimu na saa 200 hivi, mnajua ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege, inataka 1,500, basi mnaona haya kuzitaja. Barua inaanza na ndoto za utotoni, halafu saa zinakuja kujitokeza mwisho wa ukurasa wa pili. Rubani mkuu anayesoma maombi anajua fika kwamba rubani mpya ana saa chache. Anachotaka ni kuziona mapema.

Kwa hiyo ziwe juu, chini tu ya jina lako. Taja leseni na nchi iliyoitoa, idhini ulizonazo (injini nyingi, kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege), kiwango chako cha Kiingereza cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), na tarehe ambayo cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha. Kisha mchanganuo, kwa mfano: jumla 214, kama rubani kiongozi 118, injini mbili 22, usiku 12, simuleta 15, nje ya jumla. Simuleta msiichanganye na saa za angani, tafadhali. Siku ya usaili logibuku, daftari la saa zako za kuruka, itafunguliwa mezani, na namba isiyolingana inaharibu imani kwa rubani ambaye huenda hana kosa lingine lolote.

Waliosomea Afrika Kusini au Marekani wana jambo la ziada. Ndege zenye usajili wa 5H (Tanzania) ziko chini ya TCAA, za 5Y (Kenya) chini ya KCAA, mamlaka za anga za nchi hizo. Kama leseni yako ni ya nje, andika umefikia wapi kuihamisha: umeshafanya mtihani wa sheria za anga, au bado? Ukinyamaza, msomaji atadhani hujaanza.

Sasa barua yenyewe, na hapa ndipo naomba mtumie muda. Msitume barua moja kwa kampuni zote. Kampuni ya Caravan (ndege ndogo ya injini moja) inayopeleka watalii Serengeti haifanyi kazi sawa na kampuni ya ATR (ndege kubwa zaidi, ya marubani wawili). Kwenye Caravan utatua viwanja vya changarawe, utahakikisha wanyama wametoka njiani, utapima mizigo na kuipakia, na utaongea na abiria walio nyuma ya kiti chako. Uwanja wa Seronera, ndani ya Serengeti, uko juu ya futi 5,000; jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi na ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Aliyejifunzia uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako pia ni zaidi ya futi 5,000, ana la kusema hapo, na sentensi moja inatosha: "Nimefunzwa Wilson, na nimezoea kukokotoa uzito na urefu wa njia kabla ya kila safari ya mchana." Sentensi hiyo ina uzito kuliko aya nzima ya "mchapakazi mwenye kujituma".

Kwa ATR, unaomba kuwa rubani msaidizi. Onyesha unavyofanya kazi na mwenzako: kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kusema mapema unapoona kitu hakiko sawa. Kama una kozi ya MCC (ya marubani kufanya kazi pamoja), itaje hapo.

Na wewe uliyefanya kazi ofisi ya safari, ukiandaa karatasi za mizigo au mipango ya safari, usiifiche kwa kuona si urubani. Mimi naithamini sana, kwa sababu mtu huyo anajua kwa nini ndege huchelewa.

Fomu ikiuliza kama umewahi kufeli mtihani wa kuruka, jibu ndiyo au hapana, kisha mstari mmoja wa ulichorekebisha.

Vyote viwe faili moja ya PDF: barua, wasifu, leseni, cheti cha afya, na kurasa za mwisho za logibuku. Ukiongeza idhini au ukihuisha cheti cha afya, tuma toleo jipya na kwenye mstari wa kwanza sema kilichobadilika.